Arua na Koboko: Jinsi ya kuzuia kelele madirishani bila kuinyima nyumba hewa

Barabara ya lami inayotoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, ikipita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Imerahisisha biashara ya eneo zima la West Nile, lakini kwa aliyejenga kando yake imeleta pia ngurumo za malori usiku wa manane, honi za bodaboda na muziki wa mabaa yaliyochipuka vituoni. Umeme unapokatika, jenereta za madukani huongeza sauti yao.

Si ajabu basi kwamba wenye nyumba wengi huwaendea mafundi wakitaka kioo kinene zaidi. Ombi hilo lina mantiki, ila mara nyingi kioo si mahali pa kuanzia.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ikikutana na kitu kizito kama ukuta wa matofali, sehemu kubwa yake hurudi ilikotoka. Kioo cha milimita 4, ambacho uzito wake ni kilo 10 kwa kila mita ya mraba, hupunguza kelele kwa desibeli 25 hadi 30 kikiwa kimezibwa vyema pande zote. Kwa sikio la binadamu, kila desibeli 10 zinazopungua husikika kama kelele imekatwa nusu. Kwa hiyo hata kioo cha kawaida si kinyonge.

Tatizo ni mianya. Chukua dirisha la chuma la sentimita 120 kwa 120. Ubawa wake ukiacha upenyo wa milimita 3 tu kuzunguka fremu, jumla ya upenyo huo ni sentimita za mraba 144, yaani asilimia 1 ya dirisha zima. Asilimia hiyo moja yatosha kulizuia dirisha lisipunguze zaidi ya desibeli 20, hata kioo kiwe kinene kama kidole.

Halafu kuna matundu ya hewa yanayojengwa juu ya dirisha na kuwekewa wavu wa mbu. Yakiwa na kimo cha sentimita 15 kwa upana uleule wa dirisha, huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya eneo lote, na hapo nyumba hupata kinga ya desibeli 10 hivi, basi. Lori zito linalopita karibu likitoa desibeli 80, aliyelala ndani husikia 70. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kelele ya mfululizo chumbani isizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri.

Hatari ya kuziba kila kitu

Mtu akishayajua hayo, hushawishika kuyaziba matundu yote kwa saruji. Hapo ndipo pa kujihadhari. Matundu yale hayakuwekwa kwa urembo. Ndiyo yanayotoa joto la mabati na unyevu wa pumzi za watu wanaolala chumba kimoja, na hewa inayobadilika hupunguza uwezekano wa kuambukizana kifua kikuu. Sigiri ya makaa ikiingizwa katika chumba kilichozibwa, gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, yaweza kuua familia nzima usingizini. Chumba chenye moto wa makaa hakifai kuzibwa kwa sababu yoyote ile.

Lipo pia suala la gharama za umeme. Madirisha ya tabaka mbili yanayosifiwa Ulaya yalibuniwa hasa kuzuia joto la ndani lisitoke nje wakati wa baridi. Arua iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na baridi ya usiku ndiyo inayoipoza nyumba bila malipo. Anayefunga dirisha usiku kucha huipoteza baridi hiyo, kisha hulipia feni. Joto la mchana nalo hupunguzwa kwa kulikinga jua kabla halijagusa kioo: mti, kibaraza au kivuli cha bati juu ya dirisha linalotazama magharibi hufanya kazi kuliko pazia, kwa kuwa joto likishapenya kioo tayari limo ndani. Pazia zito, tukiwa tunalitaja, hupunguza mwangwi wa chumbani. Kelele ya barabarani hulipita.

Kinachowezekana

Njia ya busara ni kuzigawa kazi za madirisha. Upande unaotazama barabara uzibwe: mpira au sponji ya kubandika kuzunguka ubawa, komeo linalouvuta ubawa ukazama kwenye fremu, puti iliyopasuka ibadilishwe. Hewa iingie kupitia upande wa uani, kwa dirisha lenye wavu, na itokee kwenye tundu la juu la ukuta mwingine. Kwa anayejenga upya, yatosha kuviweka vyumba vya kulala uani tangu ramani inapochorwa. Hilo halina gharama.

Pale ambapo tundu la upande wa barabara haliepukiki, fundi seremala aweza kulifunika kwa kisanduku cha mbao chenye kona ndani, kilichotandikwa sponji. Hewa hupinda kona. Sauti kali hufyonzwa njiani. Mwenye uwezo zaidi aweza kuweka dirisha la pili upande wa ndani, umbali wa sentimita 10 kutoka la kwanza, kwani unene wa ukuta wa matofali mara nyingi unaruhusu. Besi za muziki na mvumo wa injini bado zitapenya kwa kiasi, maana sauti nzito ndizo ngumu kuliko zote kuzuia.

Kwa kelele za baa na jenereta, mzigo wa kuzizuia si wa mwenye dirisha peke yake. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 za kudhibiti kelele ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku katika makazi, usiku ukihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Pale makazi yanapochanganyika na biashara na burudani, kikomo ni 55 na 45. Mkazi anayekosa usingizi aweza kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, au kwa afisa wa mazingira wa jiji la Arua au manispaa ya Koboko.