Basi Lililochelewa Kufika Washington

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba tukae kidogo na sinema moja ya Marekani ambayo pengine hukuwahi kuiona, kwa kuwa haina mapigano ya bunduki wala magari yanayolipuka. Sehemu kubwa ya sinema hiyo inapita ndani ya basi. Jina lake ni Get on the Bus, yaani Panda Basi, na aliyeiongoza ni Spike Lee, yule yule aliyetengeneza sinema ya maisha ya Malcolm X mwaka 1992. Kundi la wanaume Weusi linaondoka Los Angeles, pwani ya magharibi, kwenda Washington, upande wa mashariki, safari ya zaidi ya kilometa 4,000 kwa barabara. Wanakwenda kuhudhuria mkusanyiko mkubwa. Ajabu ni kwamba basi zima linaukosa mkusanyiko huo, na papo hapo ndipo ilipo maana ya sinema yenyewe.

Tuanze na mkusanyiko. Siku ya Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 1995, wanaume Weusi kutoka kila pembe ya Marekani walifurika katika uwanja mrefu ulio mbele ya jengo la Bunge mjini Washington. Aliyewaita ni Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam, na mkurugenzi wa matayarisho alikuwa Benjamin Chavis. Waliyaita Maandamano ya Wanaume Milioni Moja, ingawa kwa kweli hawakuandamana kwenda popote. Walisimama pale tangu asubuhi wakisikiliza hotuba.

Lililokuwa geni ni ujumbe wake. Mwaka 1963, pale pale Washington, watu wapatao 250,000 walikusanyika kuidai serikali haki na ajira. Safari hii neno lililotangulia lilikuwa toba. Mwanaume aliambiwa ajitazame yeye kwanza: amemtendea nini mkewe, amewalea vipi wanawe, ameufanyia nini mtaa wake. Waliobaki makwao waliombwa wasiende kazini, shuleni wala madukani siku hiyo. Waraka wa malengo uliandikwa na Maulana Karenga, mwasisi wa sikukuu ya Kwanzaa ya mwaka 1966, ambayo nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, lugha yetu nayo ilikuwa na mwanawe pale uwanjani.

Zilikuwa nyakati nzito. Miaka mitatu nyuma, Los Angeles iliwaka moto baada ya mahakama kuwaachia polisi walionaswa katika kanda ya video wakimpiga Rodney King. Wiki mbili tu kabla ya mkusanyiko, baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru O. J. Simpson, na nchi nzima ikagawanyika kwa rangi juu ya hukumu ile.

Wapinzani nao hawakukosekana. Mwanaharakati Angela Davis alikuwa miongoni mwa walioukosoa mwito wenyewe kwa kuwaweka wanawake kando. Wengine walikumbusha matamshi makali ya Farrakhan dhidi ya Wayahudi, wakauliza iweje mtu wa namna hiyo awe mhubiri wa maridhiano. Hata hivyo Rosa Parks alipanda jukwaani akazungumza, na Maya Angelou akasoma shairi.

Hata hesabu ya watu ilizua ugomvi. Polisi wa hifadhi za taifa walisema watu 400,000. Waandalizi wakasema wamevuka milioni, na Farrakhan akatishia kwenda mahakamani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipozipima picha zilizopigwa kutoka angani, walikadiria 837,000, huku wakikiri kwamba huenda wamezidisha au wamepunguza kwa asilimia 20. Baadaye Bunge likaizuia idara ile kutumia fedha za umma kuhesabu mikusanyiko ya uwanja huo.

Sasa turudi kwenye basi. Spike Lee angeweza kutengeneza sinema ya jukwaa na hotuba. Yeye na mwandishi wake, Reggie Rock Bythewood, walichagua njia nyingine. Waliwafungia ndani ya basi moja watu ambao, isingekuwa safari hiyo, wasingekaa meza moja.

Yumo mzee Jeremiah mwenye ngoma yake, ambaye maisha yake yote aliinamisha kichwa mbele ya mabosi hadi kazi ikamtupa. Yumo baba aliyefungwa mnyororo mmoja na mwanawe kwa saa 72 kwa amri ya hakimu, kwa kuwa kijana ameiba. Yumo Gary, askari polisi ambaye baba yake Mweusi, naye polisi, aliuawa kazini. Karibu naye ameketi Jamal, mhuni wa zamani aliyesilimu na sasa anafanya kazi ya kuwasaidia vijana. Yumo Flip, mwigizaji mwenye majivuno na domo lisilotulia. Wamo wanaume wawili, Kyle na Randall, waliokuwa wapenzi na ambao mapenzi yao yanavunjika humo humo njiani. Na yumo kijana wa chuo, Xavier, anayezunguka na kamera ya video akimhoji kila mmoja.

Mwanzoni wanaimba. Basi lolote la safari ndefu huanza hivyo. Kilometa mia za kwanza watu wote ni ndugu. Kisha usingizi unakuwa haba, na maneno yanaanza kutoka. Gary anaulizwa kama yeye ni Mweusi wa kweli, kwa kuwa rangi yake ni maji ya kunde na mama yake ni Mzungu. Flip anawatukana Kyle na Randall hadi ngumi zinarushwa, na anayeshindwa ni yeye mchokozi. Dereva wa zamu, Myahudi aitwaye Rick, anakataa kuendelea kwa sababu dhamiri yake haimruhusu kuwapeleka watu kwa Farrakhan. Huko Tennessee polisi wanalisimamisha basi na kulipekua kwa mbwa wakitafuta dawa za kulevya. Hawakuti kitu, lakini ukimya unaofuata ndani ya basi una uzito kuliko hotuba.

Jambo zito zaidi ni la Jamal. Anamweleza Gary kwamba enzi za uhuni wake aliua. Alidhani anazungumza na ndugu wa safari. Gary anamjibu kama askari: wakirudi Los Angeles atamkamata. Hapo sinema inatuuliza kuhusu toba swali ambalo si rahisi kulitoa jukwaani. Mtu akitubu kweli kweli, deni lake limekwisha? Na yule aliyefiwa na baba mikononi mwa muuaji, anadaiwa kusamehe kwa sababu tu muuaji ana rangi kama yake? Spike Lee hatoi jibu, nami naona alifanya vyema.

Lipo moja ambalo mimi sikubaliani nalo. Njiani anapandia mfanyabiashara wa magari aitwaye Wendell, mfuasi wa chama cha Republican, anayewadharau Weusi wenzake waziwazi. Abiria wanamtoa nje ya basi, na watazamaji tunachekeshwa. Mbona Flip, aliyewatukana wenziwe karibu njia nzima, hakutolewa? Mtu akitazama vizuri ataona kwamba umoja wa mle ndani ulivumilia matusi ya aina moja na kukataa ya aina nyingine. Historia ya maandamano yao yenyewe ina funzo hapa. Mratibu mkuu wa yale ya 1963 alikuwa Bayard Rustin, mwanaume aliyependa wanaume wenzake. Seneta Strom Thurmond alimwanika Bungeni kwa sababu hiyo ili kuyavuruga maandamano. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wao, alimkingia kifua na kumwacha kazini. Lau wangemshusha Rustin, sijui nani angeipanga siku ile.

Kuchagua basi nako si jambo la bahati. Mtu Mweusi wa Marekani ana historia na basi. Desemba 1955, huko Montgomery, Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti, na Weusi wa mji ule wakatembea kwa miguu siku 381 mpaka ubaguzi wa viti ukaondolewa. Mwaka 1961 wasafiri wa uhuru, Weusi kwa Wazungu, waliketi pamoja katika mabasi ya kwenda kusini, na basi lao moja likachomwa moto karibu na Anniston, Alabama. Basi la kwenye sinema limepewa jina la bundi wa madoa, ndege ambaye kule hulindwa na sheria asitoweke. Kwetu bundi ni mkosi. Kwao, jina lile linauliza kama mwanaume Mweusi naye ana sheria ya kumlinda.

Sinema hii ililipiwa na wanaume Weusi 15, akiwemo wakili Johnnie Cochran, waigizaji Danny Glover, Wesley Snipes na Will Smith, na Spike Lee mwenyewe. Iligharimu dola milioni 2.4 hivi, kiasi kidogo sana kwa Hollywood, na ilipigwa picha kwa siku 18. Ilianza kuonyeshwa tarehe 16 Oktoba 1996, mwaka kamili baada ya mkusanyiko. Hawakuhubiri kujitegemea kwa fedha ya kuomba.

Wanapokaribia Washington, moyo wa mzee Jeremiah unashindwa. Anapelekwa hospitali, vijana wanabaki naye, mkusanyiko wanauona kwenye televisheni, na mzee anafariki. Alikuwa ameyakosa maandamano ya 1963, sasa na haya yakampita. Aliyemwigiza ni Ossie Davis, ambaye katika maisha ya kweli ndiye aliyekuwa mshereheshaji pale jukwaani mwaka 1963, pamoja na mkewe Ruby Dee. Davis alifariki mwaka 2005.

Kabla ya kugeuza basi, wanaume wale wanakwenda kwenye sanamu ya Lincoln na kusoma sala aliyoiandika marehemu. Baba na mwana wanauacha pale ule mnyororo.

Kwa hiyo hotuba hawakuisikia, wala katika zile hesabu zilizogombaniwa hawamo. Waliloitiwa Washington, baba kusemezana na mwanawe, jirani kumtazama jirani machoni, walilifanya wakiwa kwenye viti vya basi, na baadhi yao hawakulimaliza. Gary na Jamal bado wana safari ya kurudi Los Angeles, na neno la Gary liko pale pale.