Uainishaji wa Elementi: Vigezo, Nafasi Tupu na Majina

Makala hii inakusudia kueleza jinsi elementi za kemia zinavyopangwa katika jedwali lake, na kuonyesha kwamba maswali yaliyowasumbua wanakemia katika kazi hiyo hayako mbali na yale yanayotusumbua sisi tunaoshughulika na ngeli. Mwandishi si mwanakemia. Hata hivyo, istilahi za kemia kwa Kiswahili huundwa na watu wa sayansi wakisaidiana na watu wa lugha, na mtu wa lugha asiyekielewa kitu anachokipa jina hawezi kukosa kuunda jina bovu.

Elementi ni dutu ambayo haiwezi kutenganishwa kwa njia za kikemia ikatoa dutu nyingine zilizo sahili zaidi. Mwaka 1789 Mfaransa Lavoisier aliorodhesha 33, akaingiza humo hata mwanga na joto. Lakini orodha si uainishaji. Kufikia mwaka 1869 elementi 63 zilikuwa zikijulikana, na ndipo Dmitri Mendeleev, aliyekuwa akifundisha St Petersburg, alipozipanga kwa uzani wa atomi zake, kuanzia nyepesi hadi nzito, akaona kwamba tabia zao hujirudia. Lithiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu na kuchachamaa majini. Ukizihesabu zinazoifuata utafika kwenye sodiamu, ambayo ina tabia hizo hizo. Ukiendelea tena utafika kwenye potasiamu. Mendeleev aliwaweka ndugu hawa katika safu moja. Katika jedwali la leo safu wima huitwa kundi, na safu mlalo huitwa kipindi.

Sasa tuangalie mahali penye utata. Uzani wa atomi ya teluriamu ni 127.6 na wa iodini ni 126.9. Kwa kigezo cha uzani, iodini ingetangulia. Lakini iodini kwa tabia ni ndugu wa klorini na bromini, na teluriamu ni ndugu wa salfa. Mendeleev aliifuata tabia, akaitanguliza teluriamu, huku akishuku kwamba uzani wake ulikuwa umepimwa vibaya. Uzani haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kigezo. Mnamo 1913 Mwingereza Henry Moseley alichunguza miale ya eksirei itokayo katika elementi, akathibitisha kwamba kinachozipanga ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni katika kiini. Teluriamu ni ya 52, iodini ni ya 53. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Msomaji wa jarida hili bila shaka amekwisha kumkumbuka kifaru. Umbo lake lamweka pamoja na kiti na kikombe, lakini twasema kifaru amelala, wala si kifaru kimelala. Anayeainisha nomino kwa viambishi awali hupata jedwali moja, na anayeziainisha kwa upatanisho wa kisarufi hupata jingine, na mabishano yetu kuhusu idadi ya ngeli za Kiswahili hutokana kwa sehemu kubwa na tofauti hiyo. Umbo ni rahisi kuliona, kama uzani ulivyokuwa rahisi kuupima. Maoni yangu ni kwamba upatanisho ndio kigezo kilicho karibu zaidi na tabia, ingawa nakiri kwamba Moseley wa ngeli bado hajazaliwa.

Kilichomjengea Mendeleev heshima, hata hivyo, ni nafasi alizoziacha tupu. Pale ambapo elementi iliyofuata kwa uzani haikufanana na wale walio juu yake, hakuilazimisha. Aliiruka nafasi hiyo, akasema mwenyewe bado hajagunduliwa. Mwaka 1871 alieleza sifa za watatu kati ya hao wasioonekana, akawapa majina kwa kutumia neno la Kisanskriti lenye maana ya moja: eka-alumini, eka-boroni na eka-silikoni, kwa maana ya yule aliye hatua moja chini ya alumini, ya boroni au ya silikoni. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, jemaniamu 1886. Kwa eka-silikoni alikuwa ametabiri uzani wa atomi wa 72 na densiti ya 5.5, jemaniamu ina 72.6 na 5.3.

Mwaka ule ule wa 1869 Wilhelm Bleek, huko Cape Town, alichapisha sehemu ya pili ya sarufi yake linganishi, ambamo viambishi vya nomino za Kibantu vimepewa nambari. Kazi hiyo iliendelezwa na Meinhof. Jedwali lao nalo lina nafasi tupu: katika Kiswahili sanifu hatuna ngeli ya 12 na ya 13, na nambari hizo hubaki bila mwenyewe. Tunajua kinachopaswa kukaa hapo kwa kuwatazama majirani, kwa mfano Kikuyu, chenye kahĩĩ na tũhĩĩ. Tofauti ni kwamba nafasi za Mendeleev zilisubiri wasiojulikana, na zetu zimeachwa na waliohama. Kazi yao imechukuliwa na ki- na vi-. Nairobi wanarudi kwa mlango wa nyuma, kwa katoto na tutoto, na sisi walimu twawasahihisha.

Kuhusu majina, nitagusa mawili matatu tu. Bati ndilo jina letu la elementi ya 50. Lakini mabati ya kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki, elementi ya 30, na mwanafunzi anayeketi chini ya paa hilo ana haki ya kuchanganyikiwa. Shaba nayo hutumika kwa elementi ya 29 na kwa mchanganyiko wake na zinki. Neno kipindi pia silipendi. Humpeleka msomaji kwenye saa na ratiba, ilhali jambo lenyewe ni kujirudia. Kitenzi kuradidi tunacho tangu zamani, na wanaosema mfumo radidi wamelenga vizuri zaidi.

Majina ya kukopa yana faida moja isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kwamba miishio yake hubeba uainishaji. Metali nyingi huishia kwa -iamu, jamaa ya klorini kwa -ini, gesi adimu kwa -oni. Hata tenesini na oganesoni, majina yaliyoidhinishwa mwaka 2016 kwa elementi ya 117 na ya 118, yamefuata kanuni hiyo. Heliamu imekaa nje: iligunduliwa katika mwanga wa jua mwaka 1868, ikadhaniwa kuwa metali, ikapewa mwishio wa metali. Nasi tumeipokea pamoja na kosa lake.