Mkono Hausubiri Shauri Likatwe

Tumezoea kudhani kwamba ubongo hukata shauri kwanza, kisha mkono hutumwa kutekeleza. Majaribio ya Arbora Resulaj na wenzake, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2009, yameitikisa dhana hiyo.

Mtu aliketishwa mbele ya nukta nyingi zinazotembea ovyo, baadhi yake zikielekea upande mmoja, kushoto au kulia. Alishika mpini, na alipoona ameshajua zinakoelekea, aliusukuma hadi kwenye alama ya upande huo. Mkono ulipoanza tu kwenda, nukta zilizimwa. Hakukuwa na kipya cha kuona. Hata hivyo, mara chache, mkono uliokwisha kushika njia ya kushoto ulipinda katikati ya safari ukaishia kulia. Na aghalabu huko kulikopindiwa ndiko kulikokuwa sahihi.

Aliyajuaje hayo, na nukta zimezimwa? Kinachoingia jichoni huchukua sehemu kadhaa za kumi za sekunde kabla ya kufika kwenye msuli. Mkono uling'oka huku ushahidi wa mwisho ungali njiani; ulipofika, ubongo uliupima na kujisahihisha. Shauri lilikuwa limekatwa, lakini halijafungwa.

Mimi linanivutia zaidi jaribio la Luc Selen, Michael Shadlen na Daniel Wolpert la mwaka 2012. Hapa mtu alitulia akitazama nukta, mara mashine ikamsukuma mkono, kiwiko kikakunjuka au kukunjwa ghafla. Msuli ukishtuliwa hivyo hujibu upesi, kabla mwenyewe hajakusudia lolote. Nguvu ya jibu hilo ilifuata ushahidi: nukta zilipoelekea upande mmoja waziwazi zaidi, na mtu alipozitazama kwa muda mrefu zaidi, nayo ilibadilika zaidi. Yaani mtu angali anapima, na kipimo chake kinasomeka mkononi!

Mwaka 2017 Nobuhiro Hagura na wenzake walionyesha kwamba mkono nao huathiri macho. Waliufanya mpini wa upande mmoja kuwa mgumu kusukuma, wakiongeza ugumu huo kidogo kidogo. Watu wakaegemea kuona nukta zikielekea upande ule mwepesi. Baadaye walitakiwa wajibu kwa sauti tu, na upendeleo ukabaki. Haikuwa hila ya kukwepa kazi, kwa kuwa kwa mdomo hakukuwa na kazi ya kukwepa.