Daraja la Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike ana miaka 6, nami ndiye niliyemfundisha "daraja", yaani kujipinda kinyumenyume mpaka viganja viguse ardhi na tumbo lielekee juu. Wageni wakija humwita awaonyeshe, nasi hupiga makofi. Likizo iliyopita kaka yetu, asomeaye udaktari, alimwona akasema mchezo huo ukome siku ile ile.

Nilidhani aogopa mtoto asivunjike mfupa. Kumbe hofu yake ilikuwa ya damu.

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna uboho, kamba laini, nene kama kidole cha mwisho cha mkono. Humo ndimo zipitamo amri za ubongo ziendazo miguuni. Mbele ya kamba hiyo wapita mshipa mmoja tu wa damu, nao hulisha kadiri ya theluthi mbili zake. Nyuma ipo miwili midogo. Tena upande wa chini hutegemea sana mshipa mmoja mkubwa, ambao Albert Adamkiewicz aliueleza mwaka 1882. Shamba zima na mfereji mmoja! Damu ikikatika, haupiti muda mrefu uboho huanza kufa.

Mwaka 2004 madaktari wa Hawaii walieleza habari za watu 9 waliokuwa wakijifunza kupanda mawimbi kwa ubao. Hawakuumizwa na pigo lolote. Walilala kifudifudi juu ya ubao, kifua wamekiinua, mgongo umepindika. Wakashikwa na maumivu ya mgongo, kisha miguu ikalegea. Baadaye huko China yakaonekana mambo kama hayo kwa wasichana wadogo wafunzwao ngoma, na mchezo wenyewe ni daraja hili hili. Hutokea kwa nadra. Jinsi mpindo unavyoizuia damu, wataalamu wangali wakijadiliana.

Ubaya wake ni kwamba eksirei huonyesha mifupa mizima, na mtu aweza kudhani mtoto anajisingizia. Lakini maumivu ya mgongo yakifuatwa na ganzi, miguu kulegea, au kushindwa kukojoa, ni kukimbilia hospitali saa ile ile, si kukandwa wala kulazwa apumzike. Wengine hupona kabisa. Wengine hawatembei tena.

Kaka alipokwisha kueleza nilinyamaza. Mwezi mmoja kabla yake mtoto alilalamika kuwa mgongo wamwuma, nami nilimwambia aache uvivu, arudie.