Je, Wajua? Jarida la Baruapepe Halihitaji Mtambo

Je, wajua kuwa mkazi wa Kayole au Buruburu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, anaweza kuchapisha jarida bila mtambo wala ofisi? Pambazuka News, lililoanzishwa mwaka 2000, liliwafikia wasomaji wake kote Afrika kila wiki kwa baruapepe. Utaambiwa Eastlands watu wako WhatsApp tu. Kweli, lakini kwenye kundi, gumzo la nauli hulifukia tangazo la maji kabla ya adhuhuri; tena, mwenye akaunti ya huduma za serikali ya eCitizen au iTax tayari ana anwani ya baruapepe, hata kama ni kijana wa saiba aliyemfungulia. Ila usiokote anwani za majirani kiholela: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mwenyewe, naye anaweza kuiondoa wakati wowote.