Mgongo wa Kabati

Nilikwenda Kagongwa kutafuta habari za mchele. Anayeijua barabara ya Isaka kwenda Kahama anajua kinachonguruma pale msimu wa mavuno: mashine za kukoboa, malori yanayopakia magunia, na vumbi la pumba linalotua juu ya kila kitu. Nililikimbia vumbi hilo hadi kwenye banda la fundi seremala. Ndani kulikuwa na kitu kirefu cha mbao, juu yake chupa ya chai, vikombe viwili na kopo la misumari. Nilipotaka kuweka daftari langu hapo, mzee aliinua mkono.

"Ngoja nifute kwanza, mwanangu. Hilo si benchi."

Alipitisha kitambaa mara moja, na wekundu wa mninga ukatokeza kama kaa lililopulizwa. Habari za mchele zikanitoka kichwani. Nilikaa na mzee yule mpaka jua likaelekea kuzama, na siku ya pili nikarudi.

Lilikuwa kabati refu, kimo chake cha kiunoni, milango miwili pembeni na saraka tatu katikati. Halikuwa na vioo vya kuonyeshea vyombo kama makabati ya sebuleni tuliyoyazoea. Waingereza, walioanza kulitengeneza kwa umbo hilo katika karne ya 18, huliita saidibodi: juu panapangwa mabakuli ya chakula kabla hayajafika mezani, ndani vinalala visu, vijiko na vitambaa vya meza. Mwaka 1788 kitabu cha michoro ya samani cha George Hepplewhite kilichapishwa London, na makabati ya aina hii yamo. Huku kwetu lilikuja na maofisa, wamisionari na watu wa reli.

Lakini kutukuza vyombo hatukufundishwa na mtu. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani, zikipambwa kwa sahani za kauri kutoka China. Na hata penye kichanja cha miti nje ya jiko, kila mmoja wetu anakumbuka vikombe vya wageni ambavyo mtoto hakuruhusiwa kuvigusa.

"Vuta ya kati," mzee aliniambia.

Nikavuta. Haikulia, haikukwama. Ilikuja kwa uzito mmoja mpaka mwisho, ikabaki mkononi mwangu.

"Huo ndio mninga. Mbao nyingi zikikauka zinasinyaa, masika zikinywa maji zinavimba. Mninga hausogei sana. Ukimaliza kukauka umetulia, kama mtu mzima."

Alinionyesha pembe za saraka. Mbao mbili zilikuwa zimeumana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Vidole vile havikulingana: kimoja chembamba, kinachofuata kinene kidogo, cha tatu kimeinama kwa unene wa uzi. "Mashine haikosei namna hii," alisema. "Hapa mtu alishika msumeno kwa mkono, akakata kwa jicho." Akaigeuza saraka chini juu, akanitaka nipitishe vidole kwenye sakafu yake. Ilikuwa na mawimbi madogo, jicho halikuyaona ila ngozi iliyahisi. Ni njia ya randa. Aliyelitengeneza alilainisha juu panapoonekana, chini akapaacha na nyayo za kazi yake.

Nyuma ya kila saraka palikuwa na mikwaruzo ya patasi: mmoja, miwili, mitatu. Nilidhani ni hesabu ya kiwandani. Mzee akachukua saraka yenye mikwaruzo miwili, akaisukuma kwenye tundu la tatu. Iliingia nusu, ikagoma.

"Umeona? Zinafanana kwa macho tu. Fundi alipima kila moja kwa tundu lake. Kila mtoto na kitanda chake."

Alilitumia neno hilo kwa makusudi. Kizazi chake saraka huiita mtoto wa meza.

Nilimuuliza kuhusu gundi. Alisema kabati kama hili liligandishwa kwa gundi ya kuchemsha, ile ya ngozi na mifupa. Ukitaka kulifungua unatia maji ya moto kwenye maungio, unasubiri, linaachia lenyewe bila kuvunjika. "Yule fundi alijua siku moja litahitaji fundi mwingine. Akaniachia mlango wazi." Samani nyingi anazoletewa sasa zimetengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa, juu zimebandikwa karatasi yenye picha ya mti. Zikinywa maji zinavimba kama mkate, na hapo hana la kufanya.

Kisha tulilivuta kabati kutoka ukutani, tukaliangalia mgongo.

Mgongo haukuwa wa mninga. Ulikuwa wa mbao nyeupe, nyepesi, za kasha la mizigo lililopasuliwa. Kwenye ubao mmoja zilibaki herufi nyeusi za muhuri: TANGANYIK. Herufi ya mwisho ilikatwa na msumeno.

Jina hilo nchi ilipewa na Waingereza mwaka 1920, na likaacha kutumika peke yake baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964. Kasha, basi, huenda ni la miaka hiyo. Wafanyabiashara wa samani kuukuu hukiita kitu cha kale kikifika miaka 100. Kabati la Kagongwa huenda limefika, huenda bado sana. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Isaka. John Williamson alipata almasi Mwadui mwaka 1940. Watu wenye chumba cha kulia chakula walikuwapo pande hizi. Mwenye kabati, kijana mfanyabiashara wa mchele, amelirithi kwa bibi yake, na bibi alikuwa akisema neno moja tu: lilikuja na treni.

Lilitoka kwa nani? Bibi alilinunua, alipewa, au alilipwa kwa kazi? Na aliyelitengeneza ni nani? Mmiliki hutajwa, mnunuzi hukumbukwa. Mtu aliyekata vidole vile kwa jicho hakuacha jina hata penye mgongo, mahali ambapo kasha la mizigo liliacha muhuri wake.

"Mimi mwenyewe sijaandika jina langu kwenye kitu," mzee alisema. "Nani angesoma?"

Alinieleza habari za mninga. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu. Kwa Kisukuma damu huitwa mininga. Mchwa hawauwezi moyo wa mti huo, ila weupe wa pembeni wadudu huugeuza unga, ndiyo maana mafundi wa zamani waliutupa. Siku hizi anaununua pamoja na weupe wake, kwa sababu miti minene imekuwa ya kutafutwa mbali.

Nilikuwa sijamuuliza kabati limekuja kufanya nini bandani. Alinijibu huku akilitazama. Kijana anataka liwe la televisheni. Miguu ikatwe, milango itolewe, mgongo utobolewe ili nyaya zipite.

"Si mtu mbaya. Hakutaka kulichoma kuni, amelileta kwa fundi. Nimemwambia asubiri auze mpunga kwanza."

"Na akishauza, mzee?"

Hakunijibu. Alichukua chupa, akatumiminia chai, akaangalia asiimwage.

Alama ya penseli ameshaipiga mahali tundu litakapopita: duara dogo, katikati ya herufi N na Y. Keekee ilikuwa imetundikwa ukutani, haijashushwa.