Kulala juu ya Mlima Kenya kwahitaji hesabu

KIBANDA cha Austrian katika Mlima Kenya, kilicho mita 4,790 juu ya usawa wa bahari, huwafupishia wakwezi safari ya alfajiri ya kufika Lenana, kilele chenye mita 4,985. Hata hivyo, anayepanga kulala humo hana budi kuanza hesabu yake chini.

Katika kimo hicho, kila pumzi humpa mtu zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni ambayo angeipata Mombasa.

Wataalamu hushauri kwamba baada ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Katika njia ya Naro Moru, wengi hutoka kambi ya kituo cha hali ya anga, mita 3,050, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200, kwa siku moja. Hivyo, usiku wa ziada katika kila kambi si anasa bali ni kinga.

Anayeumwa kichwa na kutapika asiendelee kupanda. Anayetweta hali ameketi, au anayepepesuka, ateremshwe papo hapo, hata usiku wa manane. Maji yajaapo mapafuni, kungoja kupambazuke kwaweza kuua.